Jinsi ya Kupanga Huduma ya Kupima TB Mtaani Pamoja na Wagonjwa na Watumishi: Mwongozo Kamili

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Tuliitisha kikao cha wadau. Wagonjwa walikuja, watumishi walikuja, tukakubaliana. Mbona vikopo vya makohozi havirudi?" Nikiuliza kikao kilikwendaje, jibu nalo halibadiliki. Wagonjwa walikaa kimya, wakapiga makofi, wakasaini karatasi ya posho, wakaondoka.

Nami nimepita humo. Kikao changu cha kwanza niliwaweka wagonjwa saba na watumishi tisa kwenye ukumbi mmoja, na meza kuu ina kitambaa na maji ya chupa. Kuanzia saa nne hadi saa tisa wagonjwa walirudia neno moja: huduma ni nzuri, tunashukuru. Jioni nikiwa nje nasubiri usafiri, mama mmoja akanisogelea. "Mwanangu, shida ni pale getini. Ukifika, mlinzi anauliza kwa sauti, 'Wewe TB au kliniki ya kawaida?' Na majirani wote wako kwenye benchi." Ukumbini hakuna aliyelitamka hilo, kwa sababu mkubwa wa yule mlinzi alikuwa amekaa mbele yao.

Tangu hapo wagonjwa na watumishi siwakutanishi kabla kila upande haujasema yake peke yake. Na wakikutana, wakute kuna jambo halisi la kuamua. Hatua zote za hapa chini zinasimama juu ya hilo.

Mfano wangu ni upimaji wa kifua kikuu kwenye mwalo wa wavuvi wa dagaa, yaani ufuko wanaotia mitumbwi na kuweka kambi, Ziwa Victoria upande wa Tanzania. Kwa presha, sukari au VVU hatua ni zile zile. Kitakachobadilika ni vifaa, na ukali wa usiri.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

Ruhusa. Barua ya Mganga Mkuu wa Wilaya, na taarifa kwa mtendaji wa kata na mwenyekiti wa kijiji. Mratibu wa kifua kikuu na ukoma wa wilaya awe ndani tangu siku ya kwanza. Mkimleta mwishoni atawaambia, kwa haki kabisa, kwamba mlichopanga hakiwezekani. Mkikusudia kuchapisha matokeo kama utafiti, Tanzania Bara mnahitaji kibali cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, kabla ya kumhoji mtu hata mmoja.

Watu. Wagonjwa 8 hadi 10, watumishi 6 hadi 8, na mwezeshaji mmoja asiyekuwa bosi wa yeyote kati yao. Mganga mfawidhi, yaani mkuu wa kituo, asiwe mwezeshaji, hata awe mpole kiasi gani.

Vifaa. Karatasi kubwa za kubandika ukutani, kalamu za wino mzito, kadi za rangi mbili, gundi ya karatasi, saa, daftari, bakuli mbili zenye mfuniko, na kilo moja ya mahindi makavu. Mahindi hayo ni ya kupigia kura. Ongeza vikopo vitupu vya makohozi, vya kuonyeshana na kujaribia.

Fedha. Nauli, chai na chakula. Malipo yawe sawa kwa mgonjwa na mtumishi, na kila mtu apewe kwenye bahasha. Nimeona mahali mtumishi analipwa posho ya siku na mgonjwa anapewa soda na asante, halafu watu wanashangaa kwa nini wagonjwa hawakurudi mara ya pili.

Muda. Tenga wiki 10 hadi 12. Anayekuahidi kuimaliza kazi hii kwa siku tatu anakuuzia ripoti.

## Hatua ya 1: Andika kinachoweza kubadilika na kisichoweza

Chukua karatasi moja, ipige mstari katikati. Upande mmoja andika mambo ambayo mgonjwa hana uwezo wa kuyabadilisha, wala wewe huna: mwongozo wa taifa wa nani apimwe, aina ya kipimo, usalama wa maabara, usiri wa majibu. Upande wa pili andika yaliyo mikononi mwenu: siku, saa, mahali, nani anakabidhi kikopo, kinabebwaje, majibu yanarudi kwa njia gani, mlangoni kunasemwa nini.

Kufanya hivi mapema ni heshima. Ukimwomba mtu maoni juu ya jambo lililokwisha kuamuliwa Dodoma, umemdanganya, na atajua. Mgonjwa mmoja aliwahi kutuuliza kwa nini tusiletewe wale panya wa Morogoro. Swali zuri! Panya wa shirika la APOPO, waliofunzwa kunusa TB pale Chuo Kikuu cha Sokoine, kweli hunusa makohozi yaliyokwisha kupimwa vituoni na kuokota wagonjwa walioponyoka. Lakini kuwaleta mwaloni hakukuwa mikononi mwetu, tukamwambia hivyo waziwazi na swali likaishia hapo bila kinyongo.

Umefaulu hatua hii kama karatasi inaeleweka kwa mtu wa darasa la saba, na kwenye kila jambo la upande wa pili kuna cheo cha mtu mwenye mamlaka ya kusema "sawa, tubadilishe".

## Hatua ya 2: Itembee njia ya mgonjwa kwa miguu yako

Usiketi ofisini kuchora mchoro. Amka na mtu anayeishi kambini, tembea naye hadi zahanati, pita getini, kaa kwenye benchi, chukua kikopo, rudi nacho. Kila unaposimama, andika saa na andika nani alikuona.

Hilo la pili wengi hulisahau. Kwa TB, umbali mrefu kuliko wote mara nyingi ni ule wa kupita mbele ya watu ukiwa na kikopo cha plastiki angavu mkononi. Siku niliyotembea nacho, kutoka dirisha la maabara hadi barabarani nilihesabu watu 14 walioangalia mkono wangu kabla ya kuniangalia usoni. Kikopo kilikuwa kitupu.

Fuata pia njia ya sampuli. Bodaboda inapita siku gani? Mashine ya kupima makohozi, GeneXpert, iko kituo gani? Kipimo chenyewe huchukua kama saa 2 ndani ya mashine, kwa hiyo majibu yakichelewa wiki nzima tatizo haliko kwenye mashine. Liko kwenye barabara, kwenye rejesta, au kwenye simu ambayo hakuna aliyeagizwa kuipiga.

Mwisho wa siku uwe na orodha ya vituo vya safari, kwa kawaida 8 hadi 12, kuanzia "nimeanza kukohoa" hadi "nimepata majibu".

## Hatua ya 3: Watafute waliokuacha

Kosa kubwa hapa ni kuwaita wagonjwa wazuri, wale waliomaliza dawa na wanaompenda nesi. Ni watu wa maana, na waliopona wana nguvu ya pekee. Huko Temeke walijiunga wenyewe katika kikundi cha MUKIKUTE, wakawa wanawafuata wenzao majumbani. Lakini ukiwaita hao tu utasikia habari za waliofaulu kupita. Unamhitaji zaidi aliyechukua kikopo na hakurudi, aliyekohoa mwezi mzima akaishia duka la dawa, na mwenye majibu ambayo hakuyafuata.

Kwa kambi ya wavuvi, changanya: wavuvi wawili au watatu, wanawake wanaoanika dagaa, mpishi wa kambi, mama mwenye mtoto aliyewahi kupimwa, na mtu mmoja anayeishi na VVU kama yuko tayari. Wagonjwa wote wawe watu wazima.

Kwa watumishi, usiishie kwa muuguzi na mteknolojia wa maabara. Mwite mlinzi. Mwite anayefagia, mtu wa mapokezi, mhudumu wa afya ngazi ya jamii, na dereva wa bodaboda anayebeba sampuli. Huyu wa mwisho hajawahi kualikwa kikao chochote, na ndiye anayejua kwa nini sampuli za Ijumaa huharibika.

Sasa tahadhari tatu, na uzizingatie sana.

Jina la mgonjwa lisitoke kwenye rejesta kuja kwako. Muuguzi wa kliniki ndiye anayempigia na kumuuliza kama angependa kushiriki. Akikubali, yeye mwenyewe ndiye anayekutafuta. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, Kenya ina yake ya 2019, na zote mbili zinagusa taarifa za afya moja kwa moja.

Usimtume mwenyekiti wa kitongoji mlangoni kwa mtu. Nia yako njema itageuka tangazo.

Na mpangilio wa vikao uzuie maambukizi. Muuguzi athibitishe kwamba wagonjwa wanaokuja wameshakuwa kwenye dawa muda wa kutosha. Ambaye bado hajafika hapo, ongea naye peke yake, nje, penye upepo. Vikao vyote vifanyike chini ya mti au kwenye banda lililo wazi. Ukumbi wenye madirisha yaliyofungwa na feni moja haufai, hata kama ndio wenye viti vizuri.

## Hatua ya 4: Sikiliza kila upande peke yake

Anza na wagonjwa, mmoja mmoja, dakika 40 hadi saa moja. Usimuulize "unaionaje huduma yetu?" Hilo ni swali la adabu na litajibiwa kwa adabu. Muulize hivi: "Nieleze siku uliyopewa kikopo, tangu ulipoamka." Halafu nyamaza. Akifika mahali akasita, ndipo pa kuuliza, "Hapo ilikuwaje?"

Andika maneno yake kama alivyoyatamka. "Niliona aibu" ni kitu kimoja. "Nilikificha kwenye kanga kikanivujia" ni kitu kingine kabisa, na hicho cha pili ndicho kitakachowafanya watumishi waelewe.

Kisha watumishi. Wanakuja na hofu kwamba wameitwa kusutwa, kwa hiyo waambie mapema kwamba hakuna jina litakaloandikwa. Waulize, "Ni wapi kazi hii inakukwamisha?" Utasikia mambo ambayo mgonjwa hawezi kuyajua: rejesta tatu zinazojazwa kwa mkono kwa mtu mmoja, vikopo vinavyoisha katikati ya mwezi, mate yanayoletwa badala ya makohozi halafu maabara inamlaumu nesi. Nesi mmoja aliniambia anafoka kwa sababu anaogopa: chumba chake hakina dirisha linalofunguka. Tangu hapo silichukulii neno "lugha mbaya" kwenye ripoti kama jibu. Nauliza inatoka wapi.

Nyenzo unayoitafuta ni kadi. Kila tukio lenye uzito liandike kwenye kadi moja, bila jina: rangi ya njano kwa wagonjwa, ya bluu kwa watumishi. Ukifikisha kadi 30 hivi, na mpya zinarudia zilizopita, simama.

## Hatua ya 5: Kikao cha pamoja

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Watu wakae duara, kwenye mikeka au mabenchi yaliyolingana. Sare na makoti meupe yabaki kituoni. Hakuna meza kuu, hakuna mgeni rasmi, hakuna risala. Kiongozi akitaka kufungua, afungue kwa dakika tano na aondoke. Akibaki, kikao kitakuwa chake.

Bandika karatasi ndefu yenye vituo vya safari kutoka Hatua ya 2. Mwezeshaji asome kadi moja moja kwa sauti, na kundi liamue ikae kwenye kituo gani. Kwa kuwa ni mwezeshaji anayesoma, hakuna anayelazimika kusimama na kusema "ni mimi". Ukifika katikati utaona kadi za njano na za bluu zimerundikana mahali pamoja. Hapo ndipo pa kuanzia, kwa sababu pande zote mbili zinaumia.

Kwetu zilirundikana kwenye siku ya kupima. Muuguzi alilalamika: "Tunakuja kila Jumatatu ya kwanza, tunabeba vifaa vyote, hatukuti mtu."

Mvuvi mmoja, aliyekuwa kimya tangu asubuhi, akajibu bila hasira: "Sista, sisi hatuhesabu Jumatatu. Tunahesabu mwezi. Kukiwa giza tuko ziwani mpaka alfajiri, tukirudi tunauza, tunalala. Njooni mbalamwezi ikiwa kali. Dagaa hawafuati taa, tupo tu tunashona nyavu."

Miaka yote ratiba ilikuwa inapangwa kwa kalenda ya ukutani, na wavuvi wanaishi kwa kalenda ya angani. Mteknolojia akadakia kwamba maabara inapokea sampuli za mwalo huo Jumanne na Alhamisi tu. Mlinzi akauliza, ikiangukia Jumamosi nani atalipwa? Mganga mfawidhi akasema atafidia kwa siku ya mapumziko kwenye zamu. Kwa nusu saa walikuwa wanapanga, hakuna aliyekuwa anashukuru mtu.

Likazuka na la makohozi ya asubuhi. Maelekezo yanasema asubuhi kabla ya kula, lakini asubuhi mvuvi yuko ndani ya mtumbwi. Mteknolojia akafafanua: yanayotakiwa ni makohozi ya kwanza baada ya kuamka, kwa sababu hujikusanya mtu akiwa amelala. Kama unaamka saa saba mchana, basi hiyo ndiyo asubuhi yako. Sentensi hiyo moja haikuwa imeandikwa kwenye bango lolote.

Mwisho, kura. Kila mtu apewe punje tatu za mahindi. Mambo yaliyojitokeza yashindanishwe mawili mawili kwa kila duru, kila jambo na bakuli lake lililofunikwa, na mtu apige kura akiwa amewapa wenzake mgongo. Kura ya kunyoosha mikono inamfuata mwenye cheo. Mahindi hayana cheo.

Ukiona mgonjwa anampinga mtumishi kwa utulivu na hakuna anayegeuka kumtazama mganga mfawidhi, kikao kimefaulu. Ukiona wagonjwa wanaitikia "ndiyo" kwa pamoja, ahirisha, urudi Hatua ya 4.

## Hatua ya 6: Vikundi vidogo vitengeneze kitu cha kushika

Chagueni mambo mawili, matatu yakizidi sana. Kila jambo lipewe watu wanne, wagonjwa wawili na watumishi wawili, na wiki tatu. Waje na kitu, wasije na mapendekezo.

Kikundi cha kikopo kilianza na bahasha ya khaki. Mteknolojia akaikataa: kikopo kikivuja, bahasha hailindi chochote. Mifuko ya plastiki ya kubebea nayo imepigwa marufuku nchini tangu 1 Juni 2019. Mama muanika dagaa akaleta kopo tupu la mafuta ya kujipaka, lenye mfuniko wa kuzungusha. Kikopo kilichofungwa kikaingia, kikasimama wima, hakuna anayejua kuna nini. Likajaribiwa kwa maji: mtu akalibeba kwenye kikapu cha baiskeli kilomita tatu, likarudi kavu. Maabara ikaongeza sharti moja, kwamba kopo likishatumika lisafishwe kwa dawa ya kuua vijidudu hapo hapo kituoni na lisirudi nyumbani.

Kikundi cha geti kilikuwa na kazi ndogo kuliko zote. Mlinzi mwenyewe ndiye aliyependekeza: atauliza "una kadi?" tu, na anayekuja kupima TB atapewa kadi ya rangi ile ile ya kliniki nyingine.

Maelekezo ya kutoa makohozi nayo yaandikwe upya kwa maneno ya wagonjwa, kisha mtu ambaye hakuwepo ayasome na afanye mbele yenu, kwa kuigiza: sukutua mdomo kwa maji, nenda nje penye upepo mbali na watu, vuta pumzi ndefu mara mbili tatu, kohoa kutoka ndani ya kifua, toa kama kijiko cha chai, funga kwa nguvu. Akikosea, maandishi ndiyo yaliyokosea.

## Hatua ya 7: Jaribuni mwezi mmoja, mkihesabu

Hesabuni mambo matano, kabla na baada: waliochujwa kwa dalili, waliopewa kikopo, vikopo vilivyorudi, majibu yaliyomfikia mtu na kwa siku ngapi, na walioanza dawa kati ya waliokutwa na TB. Dalili za kuchuja ni zile za siku zote: kikohozi cha wiki 2 au zaidi, homa, jasho jingi usiku, kupungua uzito. Kwa anayeishi na VVU, kikohozi cha siku yoyote kinatosha.

Msijipime kwa idadi ya wagonjwa waliogunduliwa peke yake. Mwezi mmoja ni mfupi, na mwalo mmoja ni mdogo. Namba hiyo hupanda na kushuka yenyewe. Angalieni pengo kati ya kikopo kilichotolewa na kilichorudi, na kati ya majibu kutoka na majibu kumfikia mtu. Hayo ndiyo mliyoyagusa.

Kabla hamjaanza, hakikisheni dawa zipo na kuna mtu wa kumwanzishia mgonjwa. Matibabu ya TB ni bure kwenye vituo vya umma, lakini ni ya miezi, na kumpima mtu kisha kumwacha akizunguka na karatasi ni ukatili.

Kila wiki, kikundi kikutane dakika 20 mwaloni. Kitu kikishindwa, badilisheni wiki hiyo hiyo. Kwetu ujumbe wa simu wa majibu ulifutwa wiki ya kwanza tu: simu za kambini hutumiwa na watu watatu wanne. Sasa ujumbe unasema "njoo uonane na sista", na kila aliyepimwa anaupata, mwenye TB na asiye nayo.

## Hatua ya 8: Rudisha majibu, kisha uwape kiti

Ndani ya wiki mbili baada ya majaribio, rudi kwa kundi zima na karatasi ile ile ya safari. Onyesha kilichobadilika, kilichogoma, na kilichokataliwa na wilaya pamoja na sababu. Wagonjwa wanavumilia "hapana" yenye maelezo. Kimya hawakivumilii.

Halafu pelekeni kwenye kamati ya usimamizi ya kituo mambo mawili yaandikwe kwenye muhtasari: gharama ndogo zilizobaki, kama makopo na mafuta ya bodaboda, ziingie kwenye mpango wa mwaka wa kituo, na wagonjwa wawili kutoka kwenye kikundi waalikwe kila robo mwaka kuangalia zile namba tano. Wawe wawili, kwa sababu mmoja atanyamazishwa.

Siku muuguzi mpya anapohamishiwa hapo, hao wawili ndio wa kumtembeza njia nzima, kuanzia kambini, akiwa na kikopo mkononi. Wambebeshe bila kopo la mafuta kwanza.